Maji ya Mzima na Kiu ya Mombasa

Mji wa Mombasa umezungukwa na maji pande zake zote: upande mmoja bandari ya kale ya majahazi, upande wa pili Kilindini, na mbele yake bahari kuu ambayo ng'ambo yake ni Bara Hindi, walakini, pamoja na maji yote hayo yasiyo na kikomo, tarikhi ya mji huu, kwa mama mwenye nyumba na kwa mpishi na kwa imamu na kwa hamali, imekuwa aghalabu ni tarikhi ya kutafuta maji ya pepo ya kunywa na kupikia. Waandishi wameeleza kwa urefu vita vya Mvita, jina la kale la mji huu, wakahesabu majahazi na mizinga, wakawataja Wareno na Waomani na Mazrui na Waingereza, kila mmoja kwa mwaka wake. Lakini ni nadra kumkuta mwandishi aliyesita kidogo akauliza, watu wote hao waliokuwa wakiupigania mji walikuwa wakinywa nini? Swali hili, likifuatwa kwa uaminifu karne baada ya karne, halimwachi mtu kisiwani. Humtoa pwani likamwingiza barani, likamvusha nyika kavu ya Taru, likampitisha chini ya milima ya Taita, na mwisho likamfikisha katika msitu mdogo wa mikindu na mikuyu, mwendo wa kilomita mia mbili na zaidi kutoka baharini, ambako maji hububujika usiku na mchana kutoka chini ya mawe meusi, na ambako watu wengi waliolelewa kwa maji hayo hayo hawajapata kufika. Mahali hapo ni Mzima, katika mbuga ya Tsavo Magharibi nchini Kenya.

Shahidi wetu wa kwanza ni Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, aliyefika Mombasa mwaka 1331 akiwa njiani kwenda Kilwa, akalala usiku mmoja tu. Na katika muda huo mfupi aliliangalia jambo ambalo wengi waliokaa miaka mingi hawakuona haja ya kuliandika, nalo ni maji. Aeleza kwamba misikiti ya mji ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi, na kwamba penye kila mlango wa msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili, kina chake dhiraa moja au mbili, na watu wakichota kwa chombo cha mti kilichotiwa mpini mwembamba wa kadiri ya dhiraa moja, ambacho msomaji wa pwani atakitambua mara moja kuwa ni jamaa ya kata yetu. Na kwamba ardhi ya kando ya kisima na msikiti ilisawazishwa vizuri, na kila aingiaye kuswali huanza kwa kuosha miguu. Haya si maelezo madogo. Kisima cha dhiraa mbili ni kisima cha mji ulio juu ya mwamba wa matumbawe, ambamo mvua huzama ikatuama, na kwa kuwa maji ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari, huelea juu yake ndani ya jiwe, tabaka nyembamba ya utamu juu ya wingi wa chumvi. Achotaye kwa kiasi hupata maji ya kufaa. Achotaye kwa pupa huivuta bahari ikapanda kutoka chini, na kisima kikageuka, na kikisha kugeuka hakirejei upesi. Mombasa aliyoiona Ibn Battuta iliweza kuishi kwa tabaka hiyo kwa sababu ilikuwa ndogo.

Ilipokuwa kubwa, mambo yalibadilika. Wareno walianza kujenga Ngome mwaka 1593, wakaijenga kwa hesabu nzuri dhidi ya mizinga, na ndani yake wakachimba kisima kirefu ambacho maji yake yalikuwa ya chumvi, hayafai ila kuoshea, hata ikawalazimu kutegemea birika la kukingia maji ya mvua. Waomani walipoizingira ngome hiyo tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, waliokuwa ndani walikufa zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi, na yeyote aliyesimama pale Ngomeni akalitazama lile birika, kisha akafikiri juu ya mamia ya watu waliosongamana humo pamoja na wake zao na watoto wao kwa miezi zaidi ya thelathini, hahitaji kuelezwa na tabibu kwa nini.

Mjini nako maji yalikuwa na daraja zake, na kila mtoto aliyelelewa katika nyumba ya mawe alizijua kabla ya kujua kusoma. Maji ya kisima cha uani yalikuwa ya kufulia, kuoshea vyombo na kuogea. Maji ya kunywa yaliletwa kutoka visima vichache vilivyosifika kwa utamu, au yalikingwa kutoka darini wakati wa masika yakawekwa katika mabalasi, yakafunikwa vizuri, yakatumiwa kwa kipimo. Msikitini palikuwa na birika la kutawadhia, ambamo walifugwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu, desturi ya hekima ambayo nimeipenda tangu utotoni na ambayo bado yaonekana katika baadhi ya misikiti ya kale ya pwani. Na kati ya kisima na nyumba alikuwapo mchukuzi wa maji, kwanza na mzega wake begani, vyombo viwili vikining'inia huku na huku, kisha, mafuta ya taa yalipoanza kuja katika makopo ya bati, na madebe yake juu ya mkokoteni, akipita vichochoroni alfajiri akiita wateja. Kazi yake ilidharauliwa, kwani wengi waliofanya kazi hiyo katika karne ya 19 walikuwa watumwa au watoto wa watumwa. Lakini siku mbili tu bila ya yeye, mji mzima ungalikiona cha mtema kuni.

Sasa tuondoke kisiwani. Nyuma ya Rabai na Mariakani huanza nyika ya Taru, ambayo kwa misafara ya Waswahili waliokwenda Taita, Taveta na Uchagga ilikuwa ndiyo sehemu ya kuogopwa kuliko zote, si kwa sababu ya adui wala mnyama, bali kwa sababu ya umbali kati ya maji na maji. Kitu pekee kilichoufanya mwendo huo uwezekane ni ngurunga, yaani mashimo ya maumbile katika miamba, ambayo hujaa mvua inyeshapo na kukauka jua likizidi. Na kiongozi wa msafara aliyestahili cheo chake alikuwa ni yule aliyejua, kwa mwezi na kwa mwaka, ni ngurunga ipi ingali na kitu na ipi imebaki tope. Watu wa namna hiyo ndio waliowaonyesha njia wageni ambao baadaye walisifiwa kwa kugundua. Mmishonari Rebmann alipouona mlima Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, alikuwa ameongozwa na Bwana Kheri, Mswahili aliyeijua njia kabla yake, na pasipo elimu ya Bwana Kheri juu ya maji, mmishonari huyo asingalifika mahali pa kuuona mlima.

Njia kuu ya misafara haikupita Mzima. Chemchemi hiyo iko kaskazini yake, ndani ya pori, na walioijua kwa karibu walikuwa watu wengine: Wakamba, ambao katika zama za Kivoi, mfanyabiashara wao mashuhuri, walishuka pwani na pembe za ndovu, Wamasai waliochunga upande wa Chyulu, na hasa Waata, ambao watu wa pwani waliwaita Walangulo, wawindaji hodari wenye pinde nzito na mishale ya sumu, walioishi katika nyika hiyo ya Tsavo pasipo shamba wala ng'ombe, wakimfuata ndovu, na ndovu akifuata maji. Mtu wa jinsi hiyo hawezi kuwa na nchi bila ya kuwa na ramani ya maji kichwani mwake, na naona ni dhuluma kwamba katika vitabu vingi vinavyosimulia habari za Mzima, hadithi huanza siku alipofika mtu mwenye kalamu.

Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ilikutana na adui yule yule wa misafara. Maelfu ya vibarua, wengi wao kutoka Bara Hindi, walikuwa Taru ambako hapana mto, na maji yao yalipelekwa kwa treni kutoka nyuma, na treni ikichelewa watu waliteseka. Mwaka 1898 wakafika mto Tsavo, ambao dunia yaujua kwa sababu ya simba wawili waliowala wajenzi wa daraja. Nami nasema simba wamepewa nafasi kubwa mno katika habari hiyo. Sababu ya kambi kubwa kuwapo pale ni kwamba mto ule una maji wakati wote, hata katika kiangazi kikali ambapo kila korongo jirani ni mchanga mtupu. Na sehemu kubwa ya maji hayo ya kiangazi yatoka Mzima. Reli ya Uganda, kabla ya kufika Uganda, ilikunywa kwanza kutoka chemchemi hii.

Katika Vita Kuu vya Kwanza jambo hilo lilidhihirika tena. Wajerumani walikuwa Taveta, Waingereza walikuwa na reli, na kati yao palikuwa na pori lisilo na maji. Hivyo vikosi vidogo vya Kijerumani vilivyotumwa kwenda kuilipua reli kwa baruti vilikuwa na njia moja ya dhahiri, nayo ni kuufuata mto Tsavo, na Waingereza kwa kulijua hilo wakaweka askari Mzima. Mabaki ya kuta zao za mawe ya volkano yangaliko katika nchi ile. Wengi wa waliokufa katika vita hivyo vya Afrika Mashariki, kama ijulikanavyo, hawakuwa askari bali wapagazi, na mizigo waliyobeba ilikuwa pamoja na maji.

Ni chemchemi ya namna gani basi, iliyoweza kuwa na maji mengi hivyo mahali pakavu hivyo? Jibu liko upande wa kaskazini-magharibi, katika milima ya Chyulu, ambayo ni safu ya volkano changa kwa hesabu ya milima, na kilele chake kirefu chapita mita 2,100. Juu yake mna misitu ya ukungu, na mvua yake ni nyingi kupita ya nyika iliyo chini. Walakini mtu akiizunguka milima hiyo yote hataona mto hata mmoja ukiteremka. Majivu na mawe yake ya volkano yana vitundu visivyo na hesabu, na mvua ikianguka huzama papo hapo, ikapita chini kwa chini, ikachujwa njia nzima kwa muda unaokadiriwa kuwa wa miaka mingi, hata ikutane na mwamba mgumu usiopitisha maji, na hapo ikalazimika kutafuta njia ya kutokea. Mzima ndipo penye mlango mkubwa wa kutokea, umbali wa kilomita hamsini hivi kutoka vilele vya Chyulu. Kadirio linalotajwa mara kwa mara ni lita zaidi ya milioni 200 kila siku. Mvua inywewayo leo haikuanguka juzi; ilianguka wakati ambapo wengi wa wanaoinywa walikuwa watoto au hawajazaliwa.

Mwenye kutaka kuiona huingia mbugani kwa lango la Mtito Andei, akaenda karibu kilomita hamsini kwa njia ya vumbi, akipita miiba, mibuyu na nyasi kavu, kisha akaikuta ardhi imegeuka nyeusi kwa lava iliyoganda, pahali pasipoahidi kitu chochote kwa mwenye kiu. Ndipo ghafula huonekana kijani. Hapa ni mahali pamoja kati ya machache mno katika mbuga hiyo ambapo mgeni aruhusiwa kushuka garini na kwenda kwa miguu, akifuatana na askari wa wanyama wenye bunduki, na njia ya kivuli humchukua hadi ukingoni mwa ziwa la kwanza. Nilipofika huko mara ya kwanza, jambo lililonishika halikuwa viboko wala mamba, ambao kwa kweli wapo, bali ni uangavu wa maji. Kwa maana sisi watu wa pwani tumezoea kuona maji maangavu baharini tu, juu ya mchanga mweupe penye matumbawe, na maji ya bara tumezoea kuyaona mekundu au ya kahawia, yamebeba udongo wa watu. Haya hayakubeba kitu. Shina la mkindu lililoanguka chini kabisa lilionekana kila gamba, na samaki wakubwa walipita juu yake kwa makundi, kila mmoja na kivuli chake.

Kando ya ziwa hilo pamezamishwa chumba kidogo chenye vioo, ambamo mtu hushuka ngazi akawa chini ya uso wa maji pasipo kulowa, akawatazama samaki na, akijaaliwa, kiboko akienda juu ya sakafu ya ziwa kwa hatua za taratibu ambazo hakuna atakayezidhania kwa kumwona mnyama huyo nchi kavu. Wapiga picha za filamu Alan Root na mkewe Joan walizama humo pamoja na kamera zao wakaionyesha dunia maisha hayo ya chini, wakalipa kwa majeraha, kwani katika kazi yao hiyo kiboko aliwashambulia, akakitoboa kioo cha uso cha Joan kwa jino lake na kumuuma Alan mguu. Yale waliyoyaonyesha wao na wengine baada yao ni jambo lipasalo kujulikana na kila mnywaji wa Mombasa: kwamba kiboko hula majani nchi kavu usiku, na mchana hurudi majini akayatoa aliyoyala, na kinyesi hicho ndicho kiwalishacho wadudu na konokono na samaki, na samaki ndio wawalishao mamba na fisi maji na ndege wenye midomo mirefu. Maji yatokayo chini ya lava ni safi mno, na kwa usafi wake hayana chakula cha kutosha. Ziwa lile laishi kwa kuletewa rizki kutoka nje na mnyama ambaye watu humwona mvivu. Katika ukame mkali wa mwaka 2009 nyasi za jirani ziliisha, viboko wengi wakafa njaa huku wamesimama katika maji yasiyopungua, na hilo ni funzo la kutosha kwamba chemchemi si tundu la maji peke yake.

Baada ya ziwa la kwanza maji huteremka kwa kasi kati ya mafunjo na mikindu, yakafanya ziwa la pili, kisha yakazuiwa na ukuta wa lava yakazama tena, na mwisho yakaingia katika mto Tsavo. Tsavo hukutana na Athi, na jina likabadilika kuwa Galana, na karibu na pwani huitwa Sabaki, ukaingia baharini kaskazini ya Malindi. Hivyo Mzima imekuwa ikituma maji pwani tangu kabla ya kuwapo msikiti au ngome, ila yalikuwa yakiipita Mombasa kwa mbali.

Jinsi yalivyogeuzwa yakaja mjini ni habari ya karne ya 20. Serikali ya Kiingereza ilitazama kwanza karibu, ikatwaa maji ya chemchemi za Marere katika msitu wa Shimba, upande wa Kwale, ikayaleta kisiwani kwa bomba, na kwa mara ya kwanza Mombasa ikawa na maji ambayo hayakutoka chini ya nyayo zake wala juu ya dari zake. Kwa muda yalitosha. Lakini bandari ya Kilindini ilikuwa ikikua, na baada ya Vita vya Pili watu walimiminika kutafuta kazi, wakabanana Majengo na Shimanzi na kwingineko kwa ujira mdogo na vyumba vibovu, hata Januari 1947 wafanya kazi wa mji wakagoma kwa umoja ambao serikali haikuutazamia. Mji wa namna hiyo haukuweza tena kuishi kwa Marere, na wahandisi wakaelekeza macho Mzima.

Hapa palitokea mabishano ambayo naona yawatia heshima walioyafanya. Tsavo ilikuwa imetangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1948, na waliokabidhiwa kuitunza walikataa katakata chemchemi yake iliyo bora kuliko zote igeuzwe kiwanda cha maji, chenye mitambo na nyumba za pampu ukingoni mwa maziwa. Na kwa upande wa pili ulikuwapo mji wenye kiu, ambao haja yake haikuwa ya anasa. Lililopatikana mwisho ni ufundi wa kupongezwa: maji huchukuliwa chini kwa chini, ndani ya lava, kabla hayajatokea katika ziwa la kwanza, hivyo asimamaye kando ya viboko haoni tangi wala mashine. Katika miaka ya 1950 bomba likalazwa kwa takriban kilomita 220 hadi Mazeras na Mombasa, na kwa kuwa Mzima ni juu na pwani ni chini, maji hujiendea kwa uzito wake mwenyewe. Yachukuliwayo ni kadiri ya lita milioni 35 kwa siku, yaani sehemu moja katika sita au saba ya yatokayo. Yaliyobaki ni ya mto.

Ningependa kusema kwamba haki ilitendeka kote kama ilivyotendeka kwa viboko, lakini siwezi. Waata, waliokuwa wenyeji wa nyika ile, walijikuta kwa tangazo moja wameitwa wavamizi katika nchi yao na majangili kwa kazi ya baba zao, na katika operesheni kubwa ya miaka ya 1956 na 1957 wengi wakakamatwa na kufungwa. Sikatai kwamba pembe zilikuwa zikiuzwa na ndovu wakimalizwa, na waliotajirika kwa pembe hizo hawakuwa wao. Ama watu wa Taita Taveta, bomba limepita katika nchi yao kwa zaidi ya miaka sitini, likapita karibu na vijiji ambavyo kina mama wake hutembea mwendo mrefu na mitungi kichwani. Na madai yao, yaliyorudiwa na viongozi wao mara nyingi, kwamba wapate maji ya kutosha na sehemu ya mapato yake, ni madai ya haki ambayo hayajatimizwa ipasavyo.

Na Mombasa nayo haijashiba. Visima vya Tiwi viliongezwa, kisha Baricho kando ya mto Sabaki, ambako maji huvutwa kutoka katika mchanga wa mto ule ule uliopokea maji ya Tsavo. Kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba katika mtungi mmoja wa mama wa Kisauni mmechanganyika maji ya Mzima yaliyokuja kwa bomba na maji ya Mzima yaliyokuja kwa mto, yakiwa yameachana porini yakakutana jikoni. Bomba la pili la Mzima limezungumzwa kwa miaka mingi, na wakati likizungumzwa mchukuzi wa maji amerudi vichochoroni na mkokoteni wake, mitungi ya plastiki mahali pa madebe, akiwauzia maskini kwa bei ambayo mwenye mfereji nyumbani hailipi.

Kinachonihofisha zaidi ni Chyulu. Misitu yake ya ukungu ndiyo ipokeayo mvua, na sehemu ya milima hiyo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983. Walakini moto huwashwa kila kiangazi na kupanda hadi misituni, mkaa huchomwa, mirungi huvunwa kwa kukatwa miti, na mifugo iliyokimbia ukame huingizwa. Wafanyao hayo si watu waovu; ni watu wenye njaa wasiopata chochote kutokana na maji yatokayo chini ya milima yao. Na kwa kuwa maji husafiri miaka mingi chini ya ardhi, msitu ukiungua leo mfereji wa Mombasa hautaonyesha dalili yoyote kesho, wala mwaka ujao. Hasara itakuja wakati ambapo waliosababisha na walionyamaza wote wamekwisha ondoka.

Kwa hiyo nawasihi wenye mamlaka ya maji ya pwani: kabla ya kulaza bomba la pili, yafungulieni maji ya bomba la kwanza kwa vijiji vya Taita Taveta lilivyovipitia, na katika kila malipo ya maji ya Mombasa tengeni fungu la kuilinda misitu ya Chyulu na kuwaajiri jirani zake kuilinda. Na nawasihi walimu wa Mombasa, wa shule na wa madrasa, wanaopanga kila mwaka safari za wanafunzi: mwaka huu wapelekeni Mzima.